Shajara ya mradi: kompyuta tisa za steshenari, Ngamiani, Tanga

Jumamosi, 2 Agosti 2025

Mradi umeanzia kwenye flashi ya mdogo wangu. Alhamisi alikwenda kuprinti ripoti yake ya mafunzo kwa vitendo, akarudi macho yamemwiva. Kila folda kwenye flashi ilikuwa na kimshale kidogo pembeni, ina kilobaiti moja tu, na akibofya hafiki popote. Kazi ya miezi mitatu, na kuwasilisha ni Jumatatu.

Nikaichomeka kwenye laptopu yangu, ambayo ina Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta ulio tofauti na Windows. Folda zote zikajitokeza na majina yake. Kando yake kulikuwa na vile vimshale, na faili moja ya vbs (hati ya amri za Windows) ambayo yeye hakuwahi kuiweka. "Kumbe kaka vilikuwemo muda wote?" Vilikuwemo. Kirusi cha aina hii hakifuti kitu. Kinazibandika folda zako alama mbili, ya kufichwa na ya kuwa mali ya mfumo, ili Windows isikuonyeshe, kisha kinaweka vimshale vyenye majina yaleyale. Ukibofya kimshale umekiendesha chenyewe; kinaingia kwenye kompyuta na kukaa kungoja flashi ya mtu mwingine. Linux haizijali alama zile, kwa hiyo mafichoni hapakuwa maficho.

Jana jioni nikaenda kwenye duka lenyewe. Mama mwenye duka nimemjua tangu nasoma sekondari, yeye ndiye aliyenitolea kopi ya cheti changu cha kwanza. "Mwanangu, antivirusi ninayo, fundi aliniwekea." Kweli anayo. Pembeni ya skrini inawaka alama nyekundu tangu Februari: iliingizwa kwa kreki, yaani kiprogramu cha kuvunja leseni ili usilipie, na kreki imegoma. Ubaya wake ni kwamba ikiwepo antivirusi ya nje, Defender, antivirusi inayokuja na Windows yenyewe, hujiweka kando. Kwa hiyo mlinzi wa pili alifukuzwa na wa kwanza amelala, na kwa miezi sita mlango umekuwa wazi.

Tumekubaliana. Kompyuta nne ni zake, tatu za mdogo wake mwenye duka barabara ya pili, mbili za jirani yao. Kwa upande wake ameweka masharti mawili: hela ya leseni hana, na wateja wasikae foleni kwa ajili yangu. Langu ni moja: kreki haiingii tena.

Jumamosi, 9 Agosti

Ukaguzi wa kwanza. Nilizianzisha kompyuta kwa flashi yenye Linux badala ya kuwasha Windows yake, kwa sababu huwezi kumsaka mwizi ndani ya nyumba huku yeye ndiye aliyeshika taa. Windows ikiwa imelala, virusi vyake navyo vimelala.

Kukagua nimetumia ClamAV. Ni programu ya chanzo huria, yaani msimbo wake (maandishi yaliyoiunda) uko wazi kwa yeyote, leo inatunzwa na Cisco, na leseni yake ya GPL inaruhusu yeyote kuitumia na kuigawa. Orodha yake ya alama za virusi, nilipoipakua, ilizidi megabaiti 200. Hapa ndipo nilipoona faida ambayo matangazo hayaitaji: orodha hiyo nimeipakua mara moja kwa bando langu, nikainakili kwenye flashi, na kompyuta zote tisa zimeipata bila mtu mwingine kununua bando. Mjini ambako bando linahesabiwa kwa siku, kuruhusiwa kunakili ni kitu kikubwa kuliko kuambiwa bure.

Kompyuta namba 3, yenye diski ya zamani ya kuzunguka, ilianza kukaguliwa saa tisa alasiri ikamaliza watu wametoka Isha. Majibu: faili 214 zenye maambukizi. Nyingi ni zilezile vbs na vimshale. Mbili zilikuwa kreki zenyewe, ile ya antivirusi na ile ya Windows. Yaani aliyeletwa kulinda nyumba aliingia na mzigo mgongoni.

Niandike pia mpaka wa ClamAV, maana nimeulizwa. Ni mkaguzi mzuri, lakini kwenye Windows haisimami mlangoni kutazama kila faili linapofunguliwa. Kwa hiyo tumeing'oa antivirusi ya kreki, Defender ikaamka yenyewe, na ClamAV inakuja mara moja kwa wiki kama fundi wa mita.

Lakini si virusi vilivyoninyima usingizi. Kwenye skrini ya namba 1 kuna folda inayoitwa WATEJA. Ndani yake: vitambulisho vya NIDA, vyeti vya kuzaliwa, taarifa za benki, barua za talaka, majibu ya vipimo vya hospitali. Tangu 2019. Mtu anatuma kwa WhatsApp au barua pepe, kijana wa kaunta anapakua, anaprinti, mteja analipa mia mbili na kuondoka, na karatasi zake za maisha zinabaki kwenye duka ambalo wiki hii nimetoa virusi mia mbili kwenye kompyuta moja tu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyopitishwa 2022 na kuanza kutumika Mei 2023. Nilipomweleza Mama alikaa kimya, kisha akauliza: "Na cha mwanangu nacho kimo?" Kilikuwemo.

Kuanzia leo mradi si wa virusi tu. Ni wa folda ile.

Jumamosi, 16 Agosti

Nimepakua Linux Mint usiku, aina ya Linux ya kuweka dukani badala ya Windows, karibu gigabaiti 3. Kabla ya kuiweka kwenye flashi nilimwita kijana wa kaunta tufanye kazi ambayo watu wengi huiruka: kulinganisha alama ya faili. Watengenezaji hutangaza mfuatano wa herufi na tarakimu 64, uliokokotolewa kutokana na faili lenyewe. Likibadilika hata kidogo, mfuatano wote unageuka. Unakokotoa wa kwako, unalinganisha na wao.

Sababu si ya kufikirika. Februari 2016 wahalifu waliingia kwenye tovuti ya Linux Mint yenyewe na kuelekeza watu wapakue toleo lililotiwa mlango wa nyuma, yaani njia ya siri ya mhalifu kuingilia. Waliolinganisha alama walikuwa na njia ya kuligundua. Wengine walisakinisha. Watengenezaji walijitokeza siku hiyohiyo, wakaeleza kilichotokea.

Kwa hiyo yeye akasoma kwenye simu yangu, mimi nikafuata kwenye skrini, herufi nne nne. "Saba, e, tatu, tisa." Kwangu ilikuwa sifuri, d, mbili, mbili. Mtandao ulikatika katikati usiku na faili lilikuja pungufu. Tukapakua upya usiku wa pili, tukasoma tena zote 64, zikaoana. Kijana akaniambia hajawahi kujua kwamba unaweza kuhakiki kitu mwenyewe kabla ya kukiamini. Anafanya kazi ya kompyuta mwaka wa nne, na hakuna aliyewahi kumwonyesha.

Jumamosi, 23 Agosti

Wiki ngumu. Niliweka Mint kwenye namba 1 na namba 2 na kesho yake duka likanilaumu, kwa haki. Kadi ya harusi iliyotengenezwa kwa Word ilifunguka kwenye LibreOffice, programu huria ya kuandikia, maandishi yamesogea, jina la bwana harusi limeshukia mstari wa chini. Mashine moja ya kuprinti ilikataa kutambuliwa. Foleni ikafika nje, na Mama akanipigia: "Mwanangu, tulikubaliana nini?"

Nilikosea mpango. Nilitaka kuhamisha duka lote, kumbe duka linahitaji mlango mmoja mzuri. Mpango mpya ni huu. Windows inabaki kwenye kompyuta za kazi, zikiwa zimesafishwa. Namba 2 inabaki na Mint, na hiyo ndiyo kompyuta ya kupokelea. Flashi yoyote ya mteja inachomekwa hapo kwanza. ClamAV inaipitia, kijana anafungua folda, anachukua faili linaloprintiwa tu, analipeleka kwenye kompyuta ya kazi kupitia mtandao wa ndani. Flashi haigusi Windows.

Mtu asielewe kwamba Linux haishambuliki. Inashambuliwa, na seva nyingi za dunia zinazoendeshwa nayo zinalijua hilo. Ila virusi hivi vya flashi vimeandikwa kwa ajili ya Windows. Vikifika kwenye Mint havina pa kushika.

Mashine ya kuprinti imehamishiwa namba 4 na inafanya kazi. Kadi ya harusi ilirekebishwa kwa mkono.

Jumamosi, 30 Agosti

Siku saba, flashi 163 zimepita namba 2 (kijana anazihesabu kwa vijistari kwenye karatasi ya kopi iliyoharibika). Flashi 58 zilikuwa na kirusi. Tumeanza kuwasafishia wateja bila malipo, na folda zilizofichwa tunazirudisha. Mwalimu mmoja mstaafu alipata picha za mazishi ya mkewe alizodhani zimepotea mwaka jana. Alisimama pale kaunta akazitazama moja moja, na foleni yote ikamngojea.

Jumamosi, 6 Septemba

Maneno ya siri. Ukutani, juu ya kalenda, palikuwa na karatasi: jina la duka na 123. Hilohilo linafungua barua pepe ya duka, Wi-Fi, na akaunti zote ambazo Mama anazo.

Nimeweka KeePassXC. Ni daftari la maneno ya siri linalokaa kwenye faili moja lililofungwa kwa usimbaji, kwenye kompyuta yako mwenyewe. Halihitaji intaneti wala ada ya mwezi. Linakutungia maneno ya siri marefu usiyohitaji kuyakariri. Unakariri moja tu, la kufungulia daftari.

Hilo moja ndilo lililotuchukua mchana mzima, na nitalikumbuka. Niliandaa orodha ya maneno 1,296 ya Kiswahili, kila moja na namba yake ya tarakimu nne kutoka 1111 hadi 6666, kwa tarakimu moja hadi sita tu. Unarusha dadu mara nne, unapata namba, unatafuta neno. Dadu tuliazima kwa vijana wanaocheza ludo barazani. Mama akavaa miwani, akarusha: tatu, sita, moja, moja. Kibatali. Akacheka, kwa sababu alikulia na kibatali Pangani. La pili likatoka mwiko. La tatu hakulipenda akataka kurusha tena, nikamkatalia: ukianza kuchagua unalolipenda, umerudi kwenye jina la duka na 123. Bahati ya dadu ndiyo ulinzi wenyewe. Kwa maneno sita, michanganyiko inazidi trilioni milioni nne, na anayeotea hana pa kuanzia. (Kibatali na mwiko tulizitupa, tukarusha upya nikiwa nimegeuza mgongo. Aliyoyakariri siyajui.)

Nakala ya daftari imo kwenye flashi ndogo ndani ya boksi la hela, nyingine ipo kwa mdogo wake.

Mama aliuliza swali ambalo muuzaji wa programu hapendi kuulizwa. "Na hao walioitengeneza wakifunga duka lao?" Nikamjibu kwa yaliyokwisha kutokea. KeePassX, iliyokuwepo kabla, ilipopoa, watu wengine walichukua msimbo wake, wakaanzisha KeePassXC mwaka 2016. Faili za watumiaji zikaendelea kufunguka. TrueCrypt, programu ya kufungia diski, iliachwa ghafla na wenyewe Mei 2014. Ilikuwa imekwisha kuzaa VeraCrypt mwaka uliotangulia, na VeraCrypt ipo mpaka leo. Programu iliyofungiwa ikifa, inakufa na kitu chako ndani yake. Hii mwenyewe akiondoka, mapishi yamebaki jikoni na mwingine anaweza kuwasha moto.

Jumamosi, 20 Septemba

Kijana wa kaunta amekuwa na swali tangu siku ya zile herufi 64. "Kaka, kama kila mtu anaona ilivyotengenezwa, si na mwizi anaona?"

Anaona. Nilimpeleka kwa fundi wa kufuli pale karibu na soko, nikamwomba atufungulie kufuli bovu kwa msumeno. Ndani kuna vijipini na springi. Sasa kijana anajua kufuli linavyofanya kazi, na bado hawezi kufungua la dukani kwake, kwa sababu hana ufunguo. Kufuli ambalo usalama wake unategemea watu wasijue lililomo ndani litavunjwa siku fundi mmoja atakapoongea.

Lakini sikumwambia uongo kwamba macho ya watu yanatosha. Mwaka 2012 kosa moja lilitoka na toleo jipya la OpenSSL, programu huria inayolinda mawasiliano ya sehemu kubwa ya tovuti, na likakaa miaka miwili kabla ya kutangazwa Aprili 2014 kwa jina la Heartbleed. Msimbo ulikuwa wazi kwa dunia nzima. Walioutunza walikuwa wachache mno na hela hawana. Baada ya aibu ile ndipo makampuni makubwa yalipoanza kuchangia. Wazi bila mtunzaji ni shamba bila mpalizi.

Halafu nikampa la pili. Machi 2024 mhandisi mmoja, Andres Freund, aliona kuingia kwenye mashine kwa SSH (njia ya kuingia kwenye kompyuta kwa mbali) kunachelewa kama nusu sekunde. Nusu sekunde! Wengi wetu tungelaumu mtandao. Yeye akafuatilia, akafungua, akachimba, akakuta mlango wa nyuma ndani ya xz, programu ya kubana faili. Uliwekwa na mtu aliyejiita Jia Tan, aliyejipenyeza kwa zaidi ya miaka miwili akisaidia kazi hadi akaaminiwa. Freund aliutangaza tarehe 29 Machi, kabla haujaenea kwenye mifumo ambayo watu wengi wanaitumia. Aliweza kwa sababu vifaa vyote alivyovihitaji kuchunguza vilikuwa mikononi mwake. Kwenye programu iliyofungwa angeishia kuandika barua ya malalamiko.

Kijana akasema, "Kwa hiyo inanilinda hata nisiposoma msimbo." Ndiyo. Mimi pia siusomi wote. Mama hausomi kabisa, na amekuwa akilindwa na kazi hii kwa miaka: tangu 2016 ujumbe wake wa WhatsApp unafungwa kwa itifaki ya Signal, ambayo msimbo wake uko wazi na wanahisabati wameikagua, na tovuti nyingi ndogo anazofungua zina vyeti vya usalama vya Let's Encrypt, vinavyotolewa bila malipo tangu 2015.

Jumamosi, 27 Septemba

Leo fupi. Nimeweka uBlock Origin, kizuizi cha matangazo, kwenye Firefox za kompyuta zote. Sababu ni vitufe vya uongo vya kupakua: mteja anataka fomu, ukurasa una vitufe vinne vya kijani, kimoja tu ndicho cha kweli. Sasa kinabaki kile kimoja. Kurasa pia zinafunguka kwa bando kidogo zaidi, na hilo Mama ameliona kabla yangu. Mwandishi wake, Raymond Hill, hapokei hata michango.

Jumamosi, 11 Oktoba

Folda ya WATEJA. Kwa wiki mbili tumewapigia tuliowatambua. Wachache walitaka faili zao, wengine hawakukumbuka kama waliwahi kuleta. Iliyobaki tumefuta kwa BleachBit, ambayo inaandika juu ya faili badala ya kuliondoa jina lake tu. Kwenye diski za kuzunguka inatosha. Namba 4 ina SSD, diski isiyozunguka, na huko kuandika juu hakuaminiki, kwa sababu diski yenyewe ndiyo inayochagua pa kuandika. Hiyo tutaiweka upya yote na kuifunga kwa VeraCrypt.

Kanuni mpya: folda ya mapokezi kwenye namba 2 inajifuta kila siku saa mbili usiku. Jumatano mteja alirudi kutaka CV yake ya wiki iliyopita, akakuta haipo, akapandisha sauti. Mama akatoka ndani. "Baba, karatasi yako mimi siiweki. Ningeiweka yako, ningeweka na ya adui yako, na siku moja mtu angezichukua zote mbili." Yule bwana akanyamaza, akafungua simu, akaituma upya.

Jumanne, 14 Oktoba

Sikukuu ya Nyerere, maduka yamefungwa, na leo ndiyo siku ambayo Microsoft inaacha kuihudumia Windows 10 bure. Kompyuta mbili za jirani ni za zamani, hazina chipu ya usalama ya TPM 2.0 ambayo Windows 11 inaidai. Kwa kazi yao ya kopi na barua tu, zote mbili zimepewa Mint. Toleo hili linahudumiwa hadi 2029. Tumejaribu mashine ya kuprinti kabla ya kuondoka, mara tatu.

Saa kumi alikuja dada mwenye steshenari ya Barabara ya Kumi na Mbili. Amesikia. Aliuliza bei ya kile kifurushi cha programu tulizoweka, nikamwambia hakiuzwi, akauliza basi ruhusa anaomba kwa nani. Kijana wa kaunta ndiye aliyemjibu, huku ananakili kwenye flashi yake: "Ruhusa imo humohumo ndani, dada, kwenye leseni. Ila kwanza kaa hapa tusome hizi herufi."

Wakaanza, nne nne.

Yaliyobaki: namba 4 kuwekwa upya. Namba 7 inajizima ikipata joto, nahisi feni. Orodha ya maneno ifike 7,776, ili dadu irushwe mara tano. Sasa nina 2,140, na bibi yangu ameahidi kunipa ya baharini.